Kuendesha msimu wa klabu ya kriketi shuleni: kuanzia kalenda hadi stoo

Mwongozo huu ni kwa mwalimu mlezi aliyekabidhiwa klabu ya kriketi katika shule ya sekondari au msingi hapa Tanzania. Huenda ana mfuko mmoja wa vifaa vilivyochakaa, uwanja anaogawana na timu ya soka, na watoto ishirini au thelathini ambao nusu yao hawajawahi kuushika mpira wa ngozi. Wenzetu wa Kenya na Uganda watakuta mengi ya kutumia, isipokuwa kalenda ya mitihani ambayo wataibadilisha.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: klabu ya shule haipimwi kwa makombe. Inapimwa kwa idadi ya watoto wanaorudi mwaka unaofuata, na mtoto anarudi kama alipata kupiga na kurusha. Karibu kila ninalopendekeza hapa chini linatokana na hilo.

Anza na kalenda, tena kwa kurudi nyuma

Kabla hujagusa mpira, chukua kalenda ya shule na uanze kufuta. Futa Machi hadi Mei, kwa kuwa masika Dar es Salaam, Tanga na Pwani hayaachi uwanja ukauke. Futa Oktoba kuendelea: vuli inaanza, na Kidato cha Pili na cha Nne wamezama kwenye maandalizi ya mitihani ya taifa ya NECTA. Weka alama kwenye wiki za mitihani ya majaribio ya Kidato cha Nne. Kisha uliza UMISSETA (michezo ya sekondari) au UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) ya mwaka huo imepangwa lini, maana mashindano hayo yatakuchukulia wachezaji wako wenye kasi na pengine wewe mwenyewe.

Kinachobaki ni kipindi cha kiangazi, kuanzia shule zinapofunguliwa Julai hadi katikati ya Septemba. Hizo ni kama wiki kumi, na huo ndio msimu wako wa mechi. Usijaribu kuurefusha. Mechi sita zilizochezwa zote zina faida kuliko kumi na mbili zilizopangwa zikachezwa tano, kwa sababu mtoto anayeahidiwa mechi kila Jumamosi na kuikosa huhamia soka, na simlaumu.

Januari na Februari zitumie kwa wanafunzi wapya, kwa mpira wa tenisi. Wakati wa masika ingieni bwaloni: kudaka, sheria, na kujifunza kuandika alama. Mei mwishoni ardhi ikianza kushika, rudini nje. Likizo ya Juni usiitegemee hasa kama shule ni ya bweni.

Jambo jingine la kalenda ni jua. Katikati ya mwaka Dar es Salaam jua linazama kama saa kumi na mbili na robo jioni. Watoto hutumia dakika nne na nusu hadi tano kwa ova moja, yaani mipira sita ya mrushaji mmoja, wakati mwingine zaidi waidi (mipira inayopita mbali na mpigaji) zikiwa nyingi. Ukianza saa tisa na nusu una nafasi ya ova kumi au kumi na mbili kila upande, basi. Mechi ya ova 20 iweke Jumamosi, mpira wa kwanza urushwe saa mbili asubuhi.

Ruhusa na watu

Hapa sitakawia. Barua kwa mkuu wa shule yenye ratiba nzima, si ombi la mechi moja moja. Fomu ya ridhaa ya mzazi, ikitaja pumu, kifafa na mzio. Namba ya simu ya mzazi iwe kwenye daftari unalokwenda nalo uwanjani, isibaki ofisini. Wasiliana pia na Chama cha Kriketi Tanzania, TCA, ambacho kimekuwa kikiendesha mafunzo ya kriketi mashuleni. Waulize kuhusu makocha, vifaa vya kuazima na siku za majaribio ya vijana.

Ndani ya klabu gawa kazi nne: nahodha, mtunza vifaa, mwandika alama, na mtu wa maji na huduma ya kwanza. Mwandika alama asiwe yule aliyekosa namba kwenye timu. Tafuta anayependa hesabu, mpe cheo, mvalishe jezi kama wenzake.

Uwanja

Umbali kati ya wiketi na wiketi ni mita 20.12. Kata kamba ya nailoni ya urefu huo, funga fundo kila mwisho, na iwe mali ya klabu. Usipime kwa hatua. Kwa watoto wa darasa la nne hadi la sita fupisha hadi mita 18, la sivyo mpira utadunda mara tatu kabla ya kumfikia mpigaji. Vijiti vitatu vya wiketi husimama sentimita 71 juu ya ardhi na kwa pamoja vina upana wa karibu sentimita 23. Fundi seremala yeyote atavichonga, pamoja na vile vidogo viwili vinavyolala juu. Mstari wa mpigaji uchore mita 1.22 mbele ya wiketi, kwa chokaa au majivu.

Elekeza njia ya kurushia kaskazini na kusini. Ukiielekeza mashariki na magharibi, kuanzia saa kumi na moja jioni mpigaji wa upande mmoja atakuwa anatazama jua, na mpira wa ngozi usioonekana ni hatari.

Shule nyingi zinachezea kwenye mkeka uliotandazwa juu ya udongo mgumu au saruji. Mkeka wenyewe hauna shida, tatizo hutoka chini yake. Fagia kokoto zote, mwagilia maji kidogo jana yake, shindilia kwa pipa lililojazwa maji au zege, kisha vuta mkeka ukaze kama ngoma na uupigilie misumari mirefu kandokando. Kikunjo kimoja eneo la mita nne mbele ya mpigaji kinatosha kuurusha mpira usoni. Kagua tena baada ya kila zamu, hasa pale warushaji wanapokanyagia.

Na timu ya soka? Kaa na mwalimu wao mapema, mgawane siku. Mkeka ukianguka katikati ya uwanja wao, baada ya mazoezi ng'oeni misumari yote na kuihesabu. Msumari mmoja uliosahaulika utavunja ujirani wa mwaka mzima.

Vifaa: nini kinunuliwe, nini kitengenezwe

Helmeti hainunuliwi kwa kubahatisha wala haitengenezwi nyumbani. Kwa mpira wa ngozi, kila mpigaji avae helmeti yenye wavu wa uso, na kipa wa wiketi akisimama karibu naye pia. Kama unazo mbili tu, basi wanaokaa uwanjani ni hao wawili, na anayesubiri anavaa ya yule anayetoka. Kama huna hata moja, cheza kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa fundi umeme. Huo ni mchezo kamili. Vijana wengi wa mtaani Upanga na Kariakoo wamejifunzia huo.

Kinga za miguu unahitaji jozi nne ili zamu isisimame: wapigaji wawili, anayesubiri, na kipa. Kikombe cha kinga ya sehemu za siri kwa wavulana, kila mmoja awe na chake. Glavu za kupigia zikilowa jasho zianikwe kivulini.

Beti lisiwe refu. Mtoto akisimama, ncha ya mpini ifike kwenye nyonga; likimpita hapo atalizungusha kwa mikono yote badala ya kupiga kwa wima. Beti jipya la mti wa willow lipakwe mafuta ya kitani kidogo, lilazwe siku nzima, kisha ligongwegongwe kwa nyundo ya mbao kwa saa kadhaa kabla halijakutana na mpira mgumu. Beti kuukuu kutoka kwa wazee wa klabu za mjini huwa limeshapita hatua hiyo, na mara nyingi ni jema kuliko jipya la bei nafuu. Usione haya kuomba. Familia zinazocheza kriketi huwa na vifaa vya watoto waliokua, vimelala tu stoo.

Mazoezi

Siku mbili kwa wiki, saa moja na nusu. Usianze na kupiga. Kila mtoto anataka beti, na kwa hiyo mmoja anapiga huku kumi na tisa wakisimama kama miti. Gawa makundi manne yanayozunguka: kudaka, kurusha, kupiga, kukimbia kati ya wiketi.

Watafute wachezaji wako mahali wasipotafutwa. Wasichana waliokulia kwenye rede wana shabaha na mikono ya haraka kuliko wavulana wengi, nao wanajua kukwepa mpira bila kufumba macho. Golikipa wa soka asiye na namba anaweza kuwa kipa wako wa wiketi ndani ya mwezi mmoja.

Kurusha ndiko kunakokula muda. Watoto wetu wameshazoea kutupa mawe kwenye miembe, hivyo kiwiko hukunjuka mkono unapopita juu ya bega, na hilo ni kosa. Waanzishe wakiwa wamesimama, bila kukimbia: mkono wa mbele juu, mkono wa kurushia unyooke na kupita karibu na sikio, mguu wa nyuma ufuate. Wiki mbili hivyo, ndipo waongeze hatua tatu, kisha mbio. Tandaza gunia au kipande cha boksi mita nne hadi tano mbele ya wiketi ya mpigaji, na kila mtoto arushe mipira sita akilenga hapo. Hesabu mingapi imegusa, andika. Usiwasifu kwa kasi. Katika Kombe la Dunia la T20 (mechi za ova 20 kila upande) la mwaka 2024 kule Guyana, Frank Nsubuga wa Uganda, akiwa na miaka 43, alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea akatoa mikimbio (alama za upande unaopiga) minne tu na kuchukua wiketi mbili, yaani kuwatoa wapigaji wawili. Hakuwa na kasi yoyote ya kutisha. Alikuwa anaulaza mpira palepale, kila mara.

Kwa warushaji wa kasi, linda migongo yao. Kipimo kilichotumika Uingereza kwa vijana ni rahisi kukikumbuka: hadi miaka 13, ova tano mfululizo na zisizozidi 10 kwa siku, miaka 14 na 15, ova sita na 12, miaka 16 na 17, ova saba na 18. Mazoezi nayo yanahesabiwa. Mrushaji wako bora ndiye utakayeshawishika kumtumia kupita kiasi, kwa hiyo mpe mwandika alama kazi ya kukukataza.

Mechi za ndani: jozi kwa jozi

Kabla ya kukutana na shule nyingine, chezeni wenyewe kwa mfumo wa jozi, nao ndio ningeutetea mbele ya kamati yoyote. Timu ya watu 12 inagawanywa jozi sita. Kila jozi inapiga ova mbili kamili, hata mtu akitolewa mara tatu. Timu inaanza na pointi 200, inaongeza mikimbio, na inapunguza tano kwa kila wiketi iliyoanguka. Upande wa pili, kila mchezaji anarusha ova moja. Kipa akifika zamu yake anabadilishana na mwenzake.

Tazama inavyofanya kazi. Timu A imepata mikimbio 58 ikapoteza wiketi tisa: 200 jumlisha 58, toa 45, ni 213. Timu B imepata 47 tu, lakini imepoteza nne: 200 jumlisha 47, toa 20, ni 227. B imeshinda. Watoto wanaelewa papo hapo kwamba kuufyeka kila mpira kuna gharama, na hujawahubiria. Zaidi ya hapo, hakuna aliyetolewa kwa mpira wa kwanza akakaa chini ya mti saa nzima. Weka pia kikomo cha mipira minane kwa ova, waidi zikihesabiwa, ili mrushaji mchanga asiaibike mpaka giza liingie.

Katika mechi za kawaida baadaye, mwombe mwenzako mkubaliane mpigaji apumzike akifikisha mikimbio 25, akirudi tu wengine wakiisha. Na mechi inayofuata geuza safu: waliopiga mwisho waanze.

Kupanga mechi na shule nyingine

Barua au ujumbe wa simu utaje haya yote, maana kila lililoachwa litazua ubishi: tarehe na saa, umri, idadi ya ova, mpira wa aina gani na unaletwa na nani, nani anatoa waamuzi, chakula, na kanuni ya mvua. Thibitisha tena siku tatu kabla. Usafiri ndio unaoua mechi nyingi, kwa hiyo pendelea shule mnazofikiana kwa daladala moja au kwa miguu, na mcheze nyumbani na ugenini.

Kanuni ya mvua isiwe ya kompyuta. Tumia wastani. Timu ya kwanza ikipata 96 kwa ova 15, hiyo ni 6.4 kwa ova. Mvua ikiacha ova 10 kwa timu ya pili, kiwango ni 64, hivyo wanahitaji 65 kushinda. Ikiwa timu ya pili haikupata angalau ova tano, mechi haina mshindi. Wastani humpendelea kidogo anayepiga wa pili, lakini kila mtu anaweza kuukokotoa kwenye kiganja, na umekubaliwa kabla. Kombe la Dunia la 1992 lilikuwa na kanuni yake ya mvua, nayo iliiacha Afrika Kusini ikidaiwa mikimbio 21 kwa mpira mmoja katika nusu fainali dhidi ya England. Hata wakubwa hujikwaa hapo.

Kama mmeunda ligi ndogo ya shule nne, mtahitaji kutenganisha timu zenye pointi sawa. Chukua mikimbio yenu kwa kila ova, toa mikimbio ya wapinzani kwa kila ova. Mmepata 96 kwa ova 15, wao wametolewa wote kwa 80 katika ova ya 12: wao wanahesabiwa ova zote 15, kwa hiyo 5.33, si 6.67. Tofauti ni 1.07 kwenu. Kipengele hicho cha kuhesabu ova zote kwa timu iliyotolewa yote kiandikwe kwenye kanuni, kwa sababu kila mwaka kuna mwalimu anayekisahau.

Siku ya mechi

Fika saa moja kabla. Mkeka, mistari, mpaka wa mita 45 hadi 50 uliowekewa chupa zilizokatwa na kujazwa mchanga. Sarafu itupwe mbele ya waamuzi wote. Waandika alama wa pande mbili wakae pamoja, wasomane jumla mwisho wa kila ova. Wakitofautiana, ova inayofuata isianze mpaka wapatane. Kutafuta mkimbio mmoja uliopotea baada ya mechi ni kazi isiyo na mwisho.

Mdakaji yeyote wa chini ya miaka 13 asisimame mita 10 au chini ya hapo mbele ya beti. Kwa miaka 13 hadi 15 ni karibu mita saba na nusu. Mwamuzi ndiye anayesimamia, lakini wewe uliye pembeni una macho pia. Aliyepigwa kichwani anatoka na harudi siku hiyo, hata akicheka na kusema yuko sawa. Radi ikisikika, wote ndani, na mrudi nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Maji kila baada ya ova tano, bila kusubiri mtu aombe.

Utakuwa na kishawishi cha kupiga kelele kutoka pembeni, umwelekeze nahodha nani arushe. Mwache. Akikosea, muulize jioni sababu yake.

Daftari la alama katikati ya msimu

Baada ya mechi ya tatu, kaa na nahodha na mwandika alama mhesabu vitu vitatu tu: waidi na nobo (mipira iliyorushwa kinyume cha sheria) mlizotoa, mipira ambayo wapigaji wenu hawakupata chochote, na mipira iliyodondoshwa. Msihesabu wastani wa mtu mmoja mmoja. Kwa mechi tatu hauna maana, na utagawa timu.

Kwa timu nyingi za shule jibu ni lilelile, ziada, yaani mikimbio isiyotoka kwenye beti. Mwaka 1996 kule Pune, Kenya ilipoishangaza West Indies, ilitolewa kwa mikimbio 166, na kati ya hiyo 37 ilikuwa ziada. Hakuna mpigaji wa Kenya aliyefikisha 30. West Indies wakaishia 93. Ikiwa timu ya daraja lile ilijitoboa kwa waidi na nobo, mtoto wa Kidato cha Pili anaweza kusamehewa, ila mazoezi ya wiki inayofuata yarudi kwenye lile gunia.

Hapa pia angalia orodha ya mahudhurio. Mtoto aliyekosa mara mbili mfululizo afuatwe darasani kwa upole. Mara nyingi sababu ni nauli, viatu, au kazi za nyumbani, na nyingi ya hizo zina dawa. Wanaokaribia mtihani wapunguzie siku moja ya mazoezi kabla mzazi hajawaondoa kabisa.

Kufunga msimu

Mechi ya mwisho iwe ya wanafunzi dhidi ya walimu na wazazi, kwa mpira wa tenisi. Wazazi wakishashika beti wenyewe wanaacha kuuliza mchezo huu ni wa nini.

Wenye uwezo wa kuendelea, peleka majina yao kwa TCA na kwenye klabu za mjini mapema, wala usiwashikilie kwa ajili ya timu yako. Njia ipo: mwaka 2025 vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Dunia la umri huo, lile la 2026 la Zimbabwe na Namibia.

Kisha stoo. Mkeka uanikwe jua kali siku mbili, ufagiliwe, ukunjwe kwa kuviringishwa na kuinuliwa juu ya matofali, mbali na ukuta. Panya na unyevunyevu wa vuli huumaliza. Beti zipakwe mafuta ya kitani mara moja, zisimamishwe kivulini. Mipira ya ngozi ifutwe kwa kitambaa kikavu. Helmeti iliyopasuka, hata ufa mdogo, ivunjwe kabisa ili mtu asije akaivaa. Andika orodha ya kila kitu katika nakala mbili, mtunza vifaa wa mwaka huu na wa mwaka ujao wasaini pamoja wakiwa wamesimama ndani ya stoo hiyo, na ufunguo mmoja ubaki kwa mwalimu wa zamu.